Mgongo Uliokuwa Ukutani Kwangu

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na nguo zote nilikuwa nazo mwilini.

Nawaandikia kutoka ofisini. Watu wameenda, viti viko ovyo, nimejifungia na kompyuta na chupa ya chai iliyobaki. Nawatumia nyote kwa mpigo mmoja, ninyi tuliosomea pamoja kuchora na kupanga kurasa kule Nairobi. Nikimwambia mmoja tu, kesho mtakuwa mnajua wote na mtakuwa mmetia chumvi. Afadhali chumvi niitie mwenyewe.

Asubuhi niliamka vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani, ule wetu wa Kericho unaoingia chumbani bila kubisha, na nikabaki kitandani nikimtazama mwanamke wangu ukutani. Yule wa kwenye bango. Amenipa mgongo, kikapu kimemning'inia, mkono mmoja ameuinua juu, anapotelea kwenye mashamba ya chai. Kwa muda mfupi sikujua ukungu wa chumbani unaishia wapi na wa kwenye karatasi unaanzia wapi. Nikamwambia, "Leo ni siku yetu."

(Ndiyo, nilisema kwa sauti. Endeleeni kusoma, mbele kuna mabaya zaidi.)

Kwa wale waliosahau kazi yangu: kituo chetu cha utamaduni ni ghala la zamani la majani chai tulilolipaka chokaa. Mimi ndiye ninayetengeneza mabango, mialiko na kurasa za jarida letu, peke yangu, na wembe wangu na gundi yangu. Leo tulikuwa tunafungua maonyesho ya vikapu, vibuyu na kamba za kubebea mizigo. Maonyesho yanaitwa "Kilichobebwa Mgongoni". Jina nimelibuni mimi. Nililionea fahari hadi saa tano na nusu hivi.

Picha ya bango niliipiga wakati wa mvua ndefu, siku niliyokuwa nikienda Chepilat kumwona Kemunto. Kemunto ndiye msichana ninayetaka kumwoa. Anafundisha chekechea kule kwao karibu na soko, pale ambapo sisi Wakipsigis tunaishia na Wakisii wanaanzia. Nilikuwa nimewahi mno, kwa hivyo nikajitembeza kando ya barabara, kamera shingoni. Mashamba yalikuwa yamemezwa na ukungu, yanaonekana vipande vipande, mstari wa chai hapa, ncha ya mti pale. Hakukuwa na sauti isipokuwa matone yakianguka kutoka kwenye mikaratusi. Ndipo nikamwona mwanamke akipanda katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, anaenda zake.

Nikaita, "Mama! Naomba nikupige picha!"

Hakugeuka. Aliinua mkono wa kulia juu, polepole, vidole vimetanuka. Nikajua amekubali. Nikabonyeza mara moja tu. Ukungu ukamfunika, akawa hayupo. Nilisimama pale barabarani nikihisi nimepewa kitu ambacho sikukiomba vizuri, na nilifurahi mpaka nikaogopa.

Nilipoikuza ile picha, chembechembe za filamu zilichanganyika na ukungu ikawa kama ndoto iliyopigwa chapa. Kitu kimoja tu kilikosekana. Pembeni mwa kikapu, pale kinaposugua mbavu, palikuwa na kiraka. Kwenye picha kilikuwa cha kijivu kama kila kitu, lakini nilikumbuka kilikuwa chekundu. Nikaamua wekundu huo uwe ndio rangi pekee ya bango zima. Jioni baada ya jioni nilikaa na wembe na karatasi ya filamu nikilikata umbo la kiraka ambamo wino mwekundu ungeingia, uzi kwa uzi, hadi mishono ikahesabika. Nyinyi mnajua kazi hiyo. Macho yanaingia maji, shingo inakufa ganzi, na mtu ana raha.

Karatasi ya kwanza ya majaribio, kubwa kama mlango, niliipeleka nyumbani. Nikaitundika ukutani kule miguu inakoelekea nikilala. Nilisema ni ya kukagulia rangi. (Mlevi naye husema anaonja tu.)

Kemunto hajawahi kuingia chumbani kwangu, na wazazi wake wakisoma haya, hiyo ni kweli tupu. Lakini habari za mwanamke wa ukungu nilimpa mpaka akachoka.

"Huyo mwanamke wako," aliniuliza siku moja, "ana uso?"

"Hana haja ya uso," nikamjibu.

Alininunia siku nyingi. Bango lenyewe hakuliona, kwa sababu mwenyekiti wetu, Mzee Arap Sigei, mwalimu mkuu mstaafu na mtu wa kupenda sherehe, alitaka lifunikwe kitambaa lifunuliwe leo mbele ya watu. Hivyo nje ya ofisi hakuna aliyeliona.

Sasa sikilizeni kilichokuwa mezani. Baba yake Kemunto haamini kwamba kupanga herufi kwenye karatasi ni kazi ya mwanamume anayetaka kuoa. Amewahi kumwuliza binti yake, "Huyo anachora nini? Mabango ya hoteli?" Akaamua kumtuma mkewe pamoja na dada yake, Shangazi Nyaboke, waje leo wajionee. Mama mtu akiridhika, wazazi wangu wataruhusiwa kwenda kwao kuzungumza. Asiporidhika, basi, nirudi kuchora mabango ya hoteli. Mama huyo sikuwa nimewahi kumwona. Niliijua sauti ya Kemunto akimsimulia, na niliogopa hata sauti hiyo.

Kemunto alikuja mapema kunikumbusha sheria. Tulisimama nje penye ukuta, chai yote ya bonde imefunikwa, tunaonana sisi wawili tu.

"Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana sana," akasema. "Usimpatie mkono. Usimwangalie kwa macho. Usisimame karibu na yeye. Akitaka kukuuliza kitu atapitia kwa shangazi, na wewe ujibu shangazi."

"Na nikimwangalia kwa bahati mbaya?"

"Angalia viatu."

Nilifanya mazoezi. Niliweka jozi ya viatu mbele ya kiti kitupu nikavisalimu, nikarudi nyuma, nikavisalimu tena. Hata sisi Wakipsigis tuna heshima zetu kwa wakwe, sikuwa mgeni kabisa, lakini leo sikutaka kubahatisha. Fundi anayeweza kukata kiraka uzi kwa uzi hashindwi kutazama viatu.

Na kweli sikushindwa! Walipofika, macho yangu yalianguka chini na hayakunyanyuka. Viatu vya raba vyeusi, vimepanguswa vizuri, na soksi za kahawia zenye mstari juu. Naweza kuwachorea soksi zile sasa hivi bila kuziona.

"Huyu ndiye?" ikauliza sauti nene. Hiyo ilikuwa ya Shangazi Nyaboke.

"Ndiye," akasema Kemunto.

"Mbona anaangalia chini? Ana shida ya shingo?"

"Ni heshima, shangazi."

"Aa. Basi amefunzwa." Viatu vya shangazi vikasogea vikanizunguka, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Kisha nikasikia sauti nyingine, ndogo, inayotoka nyuma ya leso. "Mwambie hapa mahali ni pasafi."

"Anasema ni pasafi," shangazi akaniletea, ingawa sote tulikuwa tumesikia.

"Mwambie asante sana," nikaziambia soksi.

Nikawapeleka benchi la mbele. Nilisikia kitu kikisukumwa chini ya benchi, nikakisia ni kikapu cha zawadi, maana harufu ya ndizi mbivu ilinijia. Sikukitazama. Kilikuwa karibu mno na zile soksi. Niliondoka pale nikielea. Sheria zote nimezishika, mahali ni pasafi, na nje ukungu ulikuwa unaanza kunyanyuka taratibu, mistari ya chai inatokea mmoja mmoja. Nilijiona tayari nimeketi kwao, nimeshika kikombe.

Ukumbi ukajaa. Walimu, mafundi wa vikapu kutoka pande zote mbili za soko, akina mama wa kanisani, na mgeni mmoja wa mambo ya makumbusho kutoka Nairobi, mwenye kamera nzuri kuliko yangu. Mzee Sigei akasimama.

"Chamgei!" akasalimu, na ukumbi ukaitikia. "Sasa, huyu kijana wetu Kibet atafungua hii bicha, na atuambie maneno mbili tatu. Mbili tatu, Kibet. Watu wako na njaa."

Laiti ningemsikiza.

Nikavuta kitambaa. Bango likatokea. Jamani, ukumbi ulinyamaza. Sisemi kujisifu, au basi nasema kujisifu. Kijivu chote kile, mgongo ule, mkono umeinuliwa, na kile kiraka chekundu kikiwaka peke yake. Mtoto mmoja akasema "Mmh" na mama yake hakumnyamazisha. Nilikuwa nimepanga kusema habari za karatasi na wino, lakini karatasi na wino vilinitoka kichwani vyote.

Benchi la mbele nilikuwa siruhusiwi kulitazama. Kwa hivyo nikamtafuta Kemunto, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, nikazungumza nikimtazama yeye. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka. Nikasema moyoni, ona alivyoguswa.

"Ndugu zangu," nikaanza, "mgongo huu naujua kuliko ninavyoujua wangu."

Makofi kidogo. Kemunto akatikisa kichwa. Haamini kwamba nimeweza, nikafikiri.

"Watu wanasema uzuri uko usoni. Mimi nawaambia, nimeishi na mgongo huu wiki nyingi na sijachoka. Uko nyumbani kwangu. Uko ukutani, mbele ya kitanda. Ndio kitu cha kwanza ninachokiona asubuhi na cha mwisho kabla ya kufumba macho."

Makofi makubwa. Kule mlangoni Kemunto alikuwa anapunga mikono yote miwili juu ya kichwa. Mikono ile sijui niliielewaje. Nadhani nilifikiri anashangilia.

"Tazameni mkono huu," nikaendelea, sasa sauti yangu imekuwa ya kasisi. "Nilipomwomba ruhusa hakusema neno. Aliinua mkono. Mimi naona anaibariki asubuhi. Naona anatubariki sisi sote!"

"Kabisa!" akasema Mzee Sigei.

Kemunto akapitisha kidole shingoni. Hicho nacho nikakipuuza, maana nilikuwa nimefika mahali ambapo mtu harudi.

"Sijui jina lake. Sijui nyumbani kwake. Lakini nawaambieni ukweli wa moyo wangu, angekuwa hapa leo ningemshika mkono kwa mikono yangu miwili, nimtazame ndani ya macho, nimwambie, mama, ninalala nikikuwaza."

Hapo makofi hayakuja. Upande wa kushoto, walikokaa mafundi waliotoka Kisii, palitoka mguno mmoja mrefu. Ndipo benchi la mbele likalia, na sauti nene ya Shangazi Nyaboke ikasema:

"Kijana. Wacha kwanza."

Alikuwa ameinama. Alikuwa anavuta kitu kutoka chini ya benchi. Kikatoka kikapu, kimejaa ndizi, naye akakiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake ili hata wa nyuma waone. Pembeni mwa kikapu palikuwa na kiraka chekundu. Mishono yake niliijua mmoja mmoja. Kuna ule uliopinda, kuna ule uliorukwa, kuna fundo lile la mwisho lililonichosha mkono. Niliukata mimi ule mshono! Niliukata kwa wembe, jioni nzima!

Kutoka mlangoni sauti ya Kemunto ikaja, ndogo sana. "Hicho kiraka ni sweta yangu ya darasa la pili."

Sikuelewa upesi. Akili yangu ilikuwa bado mashambani, kwenye ukungu. Ilirudi polepole ikipitia Chepilat, ikapitia soksi za kahawia, ikafika. Na ilipofika, yule mama wa benchi la mbele, kwa aibu aliyotiwa, alijivutia leso mabegani, akainuka, na akafanya kile ambacho mama yeyote wa heshima angefanya mkwe wake akiropoka namna ile. Aliugeukia ukuta.

Akatupa mgongo.

Ukumbi mzima ukaangalia bango. Ukaangalia benchi. Ukaangalia bango tena. Mwanamke mmoja fundi wa vikapu akaruka juu: "Ni yeye! Hata hilo bega la kushoto, angalieni!" Vigelegele vikapasuka. Watu walikuwa wamesimama kwenye viti. Mgeni wa Nairobi alikuwa anapiga picha mfululizo, mgongo na mgongo. Na Mzee Sigei, Mungu amsamehe, akanikumbatia mbele ya wote akinishukuru kwa Kikipsigis.

"Kongoi! Kongoi mising! Kumbe ulibanga! Kumbe umetuletea mwenyewe!"

"Mzee, sikupanga," nikamnong'oneza. "Huyo ni mama mkwe."

"Wa nani?"

"Wangu."

Mzee Sigei akaniachilia pole pole. Akapangusa koti lake mahali nilipokuwa nimegusa. "Ai, Kibet," akasema.

Nilichokifanya baada ya hapo hakina maelezo. Niliokota kitambaa nikapanda kiti ili nilifunike bango, nikiamini kwamba likifunikwa, maneno yangu nayo yatafunikika. Lakini kitambaa nilikishika kwa upana badala ya urefu. Kilifika kikapuni, kikafika mabegani, kikaishia hapo. Juu yake ulibaki mkono tu, vidole vimetanuka, ukinipungia. Niliuangalia mkono ule nikiwa juu ya kiti, watu wakicheka nyuma yangu mpaka vibuyu vya maonyesho vinagongana. Kwa mara ya kwanza nikauona vizuri.

Nikatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Nje ukungu ulikuwa umerudi. Nilishukuru. Nikakaa kwenye jiwe nyuma ya ghala, nikasikiliza ukumbi ukicheka na kisha ukianza kula. Nilimwaza Kemunto. Niliwaza baba yake akielezwa, "Ndiyo, tumemwona, anafanya kazi, amemtundika mkeo mbele ya kitanda." Nilitaka kulia na nililia kidogo. Hilo msilicheke. Mengine chekeni.

Muda si muda nikasikia nyayo. Nikatazama chini. Soksi za kahawia zilikuwa zimesimama mbali, karibu na pembe ya ukuta, zimeelekea kwingine. Karibu yangu palisimama viatu vya shangazi, na nyuma yake vya Kemunto.

"Ana maswali," akasema Shangazi Nyaboke.

"Nitajibu."

Ile sauti ndogo ikasema kitu kwa Kikisii. Shangazi akanigeukia. "Anauliza, hiyo picha iko upande gani wa kitanda. Kichwani ama miguuni?"

Nikafikiri haraka. Kichwani ni kubaya, miguuni pengine ni kubaya zaidi, lakini ukweli ni ukweli. "Miguuni."

Ujumbe ukaenda, ukarudi. "Anauliza, kwa hivyo ukilala unamwelekezea miguu?"

Nikairudisha miguu yangu nyuma, karibu na jiwe. Nikamsikia Kemunto akivuta pumzi kwa pua, na sikuweza kujua kama analia.

"Anauliza nani alikupatia ruhusa ya kumpiga picha."

"Mwambie niliomba. Aliinua mkono."

Shangazi hakuhitaji kupeleka hilo. Ile sauti ndogo ilijibu yenyewe kwa haraka, kwa Kiswahili, mpaka ikasahau sheria zake. "Nilikuwa namfukuza! Nilidhani ni wale wanauza dawa ya kupe. Wananipigia kelele kila siku kwa shamba!"

"Alikuwa anakufukuza," akasema shangazi, kwa faida yangu.

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie anisamehe. Mwambie nilifikiri ananibariki." Na kwa sababu sikuwa na cha kupoteza tena, nikasema yaliyobaki. "Mwambie sikuwa na nia mbaya. Nimekuwa mtu wa kuchora tangu nikiwa mdogo na sijawahi kutengeneza kitu ninachokipenda namna hiyo. Nilikuwa nikiamka nimekata tamaa na kazi hii, namwona anapanda mlima na mzigo wake, basi nainuka. Hiyo tu. Nitalitoa leo. Yote nitayatoa."

Shangazi Nyaboke hakulitafsiri lile. Matone yalianguka kwenye bati. Kisha kutoka kwenye pembe ya ukuta sauti ikaja polepole, nayo shangazi akaileta polepole vilevile.

"Anasema yeye hajawahi kuona mgongo yake. Nani anaona mgongo yake? Anasema miaka hii yote ya kubeba majani alijua imepinda. Alidhani watu wakimwangalia kwa nyuma wanaona mzee." Shangazi akakohoa. "Anasema leo ameiona. Kumbe bado iko sawa."

Kemunto sasa alikuwa analia kweli, na anacheka. Mimi nikainua macho, nikakumbuka, nikayarudisha kwenye viatu.

"Anauliza kama hiyo picha itaingia kwa lile gazeti lenu."

"Tulitaka iwe jalada. Lakini akikataa haiwi."

"Hakatai. Anasema hapo chini ya picha mmeandika 'Mwanamke wa Ukungu'. Yeye si wa ukungu, yeye ni wa Chepilat. Muandike jina." Na jina likasemwa, Yunuke Moraa, likasemwa mara mbili ili nisikosee. Nitalipanga mwenyewe, kwa zile herufi za kubandika kwa kusugua, moja moja, na nitazisugua taratibu kuliko nilivyowahi kusugua herufi yoyote.

"Na ile mambo ingine?" akauliza Kemunto. Sote tulijua ni mambo gani.

Wakashauriana. Walishauriana kwa Kikisii, kirefu, na katikati nikasikia shangazi akicheka kicheko cha tumboni. Nikahesabu mishono ya viatu vyake. Mwishowe akaja akasimama mbele yangu, akajikaza uso.

"Sikiliza vile amesema. Uwaambie wazazi wako wakuje."

Nikataka kuruka.

"Ngoja, hajamaliza. Anasema siku hiyo ukikuja nyumbani, usihangaike kuangalia viatu mpaka shingo ivunjike. Yeye atakaa akiwa amekupatia mgongo tangu mwanzo mpaka mwisho." Shangazi hakuweza kujikaza tena. "Anasema, hivyo ndivyo utamtambua."

Basi, ndiyo hivyo. Nimepata mke na nimepoteza uso siku moja. Nimetoka nyumbani sasa hivi kulishusha lile bango. Nimelikunja vizuri na karatasi laini ndani, wazazi wangu watalibeba siku ya kwenda, maana mama mkwe ameagiza liwe sebuleni kwake, na ameagiza mumewe ndiye alipigilie misumari. Ukuta umebaki mtupu, nikahisi upweke, nikarudi huku ofisini kuwaandikia.

Kabla ya kutoka nilitundika pale kalenda ya mbolea. Ina picha ya ng'ombe, amesimama ubavu. Msicheke, lakini nimemwomba Kemunto aje aichungulie kutoka mlangoni, ahakikishe ng'ombe huyo si wa kwao.